Makao ya Kale Yenye Handaki la Maji Uingereza: Wapi Ulipie, Wapi Uende Bure

Ukinunua tiketi ya jumba la kale lenye handaki la maji Uingereza, unauziwa jumba. Utaonyeshwa vitanda, mazulia, picha za ukoo na mkahawa wa chai. Handaki lenyewe, ambalo pengine ni la kale kuliko kila ukuta uliomo ndani yake, unaachiwa ulipige picha ukiwa darajani, basi. Tathmini hii inapima kinyume. Kila mahali pameulizwa swali moja: je, mgeni anaweza kulisoma handaki? Yaani alizunguke, aone maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, atambue njia ya asili ya kuvukia, na aelewe kwa nini mtu alihangaika kulichimba pale badala ya mita mia moja juu ya kilima. Alama ni kati ya 5, na keki hazihesabiwi.

Kwanza ujue unachokitazama. Makao ya namna hii yanayojulikana Uingereza yanakaribia 6,000, na mengi yalichimbwa kati ya mwaka 1250 na 1350 hivi. Yamesongamana katikati na mashariki mwa nchi. Suffolk na Essex zinaongoza, na eneo la Arden huko Warwickshire nalo limejaa, kwa sababu ardhi ya huko ni udongo mzito wa mfinyanzi unaoshika maji kama chungu. Mpango wa kawaida ni mstatili: kisiwa kimoja kikavu, handaki pande zote nne au tatu, na njia moja ya kuvukia. Wenyewe walikuwa makabaila, maaskofu, nyumba za watawa, na pia wakulima huru waliopata fedha wakataka kuonekana. Ngome siyo. Mtu mwenye ngazi na mbao mbili anavuka handaki la mita 8 bila shida. Lakini mwizi wa ng'ombe wa usiku hupata kazi, moto wa kijijini hauvuki kirahisi, samaki wanafugika, sakafu ya nyumba inabaki kavu, na kila apitaye anajua hapa anakaa nani. Hilo la mwisho ndilo lililobeba uzito zaidi. Ile ruhusa ya mfalme inayotajwa sana kwenye historia ya nyumba hizi ilihusu kujenga kuta zenye meno juu, kama za ngome. Handaki tupu halikuhitaji karatasi hiyo, lilihitaji ardhi na vibarua.

Vibarua wangapi? Chukua kisiwa cha wastani cha mita 50 kwa 40. Handaki lina upana wa mita 10 juu, mita 4 chini, kina mita 2. Eneo la mkato wake ni mita za mraba 14, na urefu ukipimwa katikati ya handaki ni mita 220. Hiyo ni mita za ujazo 3,080 za udongo. Kwa kukadiria mtu mmoja atoe mita 2.5 za ujazo kwa siku kwa koleo la mbao lenye ncha ya chuma, unahitaji siku-kazi zipatazo 1,230, yaani watu 20 kwa miezi miwili bila kupumzika. Udongo huo nao hauendi mbali. Nusu yake ikitandazwa juu ya kisiwa, inakiinua kwa sentimita 77. Nusu nyingine inakuwa tuta la nje. Ndiyo maana visiwa vingi viko juu kidogo ya shamba linalovizunguka, na ndiyo maana kisiwa kisichoinuka kabisa kinastahili kuulizwa udongo wake ulikwenda wapi.

Sasa nyumba za kulipia. Nyingi ya zilizotajwa hapa ni za National Trust. Stokesay ni ya English Heritage, na Markenfield ni ya binafsi. National Trust na English Heritage ni mashirika mawili tofauti ya kutunza majengo ya kale na kadi ya uanachama ya moja haifungui mlango wa jingine, kosa ambalo huwakuta wageni langoni kila msimu. Bei ya tiketi na saa hubadilika, na mara nyingi bustani hufunguliwa kwa siku nyingi kuliko nyumba, kwa hiyo angalia kalenda ya mahali husika kabla ya kutoka.

Ightham Mote, Kent, ndiyo inayotajwa kwanza na kila mtu, na safari hii kila mtu amepatia. Ujenzi ulianza miaka ya 1320. Vyumba vyake zaidi ya 70 vimezunguka ua wa katikati, na kuta zinashuka moja kwa moja hadi majini, bila hata ukingo wa nyasi. Simama juu ya mteremko kabla ya kuingia, utazame chini: nyumba imekaa kwenye sakafu ya bonde, na yeyote mwenye upinde angesimama pale ulipo wewe na kuipiga madirishani. Hilo tu linatosha kuvunja dhana ya ngome. Mjenzi alifuata maji. Bonde lilimletea maji bila kuinua hata ndoo moja, na gharama yake ni kwamba nyumba imekaa kwenye unyevu miaka mia saba. Matokeo ya unyevu huo yalilipiwa kati ya 1989 na 2004, katika ukarabati uliogharimu zaidi ya pauni milioni 10. Sehemu za nyumba zilifunguliwa kipande kwa kipande, zikaandikwa, zikarudishwa. Maelezo ya kazi hiyo ni bora kuliko maelezo ya vitanda, yatafute. Ndani ya ua kuna kibanda cha mbwa cha karne ya 19 kilichowekwa kwenye ngazi ya juu kabisa ya ulinzi wa majengo, jambo ambalo waongozaji hawachoki kulisema.

Kasoro ya Ightham ni kwamba kingo zote za mawe ni safi mno. Handaki la kawaida la shambani lina kingo za udongo zilizolala kwa mteremko. Hili limejengewa kuta, kwa hiyo usilitumie kama kielelezo cha mengine. Na hilo neno Mote huenda halina uhusiano na maji kabisa: kuna maelezo kwamba linatokana na neno la kale la baraza la watu. Alama 4.5.

Baddesley Clinton, Warwickshire, inapata 4, na inazipata kwa jambo ambalo vitabu vya watalii hulieleza kama hadithi ya kutisha tu. Oktoba 1591 wapekuzi wa serikali waliivamia nyumba hii asubuhi wakitafuta mapadri wa Kijesuiti. Mapadri walikuwemo. Walijibana kwenye mfereji wa zamani wa maji machafu chini ya nyumba, miguu ndani ya maji, kwa saa zipatazo nne, wapekuzi wakagonga kuta na kuondoka mikono mitupu. Kwa msomaji wa handaki, habari iliyo muhimu ni ule mfereji: unakuonyesha kwamba handaki lilikuwa pia bomba la taka la nyumba. Vyoo vilitoboka ukutani vikashusha kila kitu majini. Ukishalijua hilo, unaanza kuuliza maswali ya maana zaidi: maji yalibadilika kwa kasi gani, na samaki wa mezani walifugwa humu au kwenye mabwawa ya pembeni? Baddesley ina mabwawa pia. Yatembelee, wageni wengi hawafiki. Daraja la matofali la kuingilia ni la karne ya 18, kwa hiyo usilihesabu kama la asili.

Lower Brockhampton, karibu na Bromyard huko Herefordshire, ni ndogo na ndiyo inayokaribia zaidi sura ya makao ya mtu wa kati: nyumba ya fremu ya mbao ya mwisho wa Zama za Kati, kuta zake zimejazwa fito na udongo, na mbele yake nyumba ya lango ya karne ya 16 imekaa juu ya handaki ikiwa imeinama kama mzee anayesikiliza. Leo handaki halizunguki nyumba yote, sehemu limefukiwa. Hilo si hasara. Tafuta mahali ambapo maji yanaishia na uone jinsi nyasi zinavyoendelea kubonyea kidogo katika mstari uleule. Ukiweza kuliona bonde hilo hafifu hapa, ambapo jibu lipo mita chache pembeni yako, utaliona pia kwenye shamba lisilo na maji kabisa. Kwa mafunzo, hakuna tiketi inayozidi hii. Pembeni kuna magofu ya kanisa dogo, na ukaribu huo wa kanisa na handaki utaukuta tena na tena nchini. Alama 5. Vaa viatu vya kutembelea kama unapanga kuzunguka mashamba yake.

Little Moreton Hall, Cheshire, ni nyumba ya kupigia picha. Imesimama kwenye handaki la upana wa mita 10 hivi, mbao nyeusi na lipu nyeupe, na ghorofa ya juu kabisa yenye ukumbi mrefu wa madirisha iliyoongezwa karne ya 16 ambayo msingi haukuitarajia. Sakafu zake zinayumba kama jahazi. Handaki lenyewe linaonekana vizuri na kuna njia ya kulizunguka, lakini maelezo karibu yote ni ya seremala, kidogo sana ya mchimbaji. Alama 3.5.

Oxburgh, Norfolk, ni ya matofali, ruhusa yake ya mwaka 1482 alipewa Sir Edmund Bedingfeld, na mnara wake wa lango unafika mita 24. Ni nzuri, lakini imechelewa karne moja na nusu: enzi hiyo handaki lilikuwa kioo cha kuakisia mnara. Nenda kwa ajili ya matofali. Alama 3.

Stokesay, Shropshire, ni ya English Heritage. Mfanyabiashara wa sufu Laurence wa Ludlow alipata ruhusa yake mwaka 1291, na ukumbi wake mkuu wenye paa la mbao ni miongoni mwa kumbi nzuri za enzi hiyo zilizosalia. Handaki lake leo ni kavu, na hapo ndipo thamani yake ilipo: unaweza kushuka ndani, ukasimama pale ambapo maji yangekufika shingoni, ukatazama juu. Hakuna jumba lenye maji linalokupa nafasi hiyo. Kituo cha treni cha Craven Arms kiko umbali wa kutembea kwa miguu, kilomita moja na nusu hivi. Alama 4.

Markenfield Hall, kusini mwa Ripon, ilipewa ruhusa mwaka 1310 kwa John de Markenfield, mtu wa hazina ya mfalme Edward II. Ukoo huo uliipoteza baada ya uasi wa kaskazini wa 1569, na kwa kuwa baadaye ilishuka kuwa nyumba ya shamba, hakuna tajiri aliyepata hamu ya kuivunja na kuijenga upya kwa mtindo mpya. Umaskini huo ndio uliouhifadhi mpango wa zamani. Bado ni makazi ya watu na hufunguliwa kwa siku chache za mwaka. Ukikosea tarehe utaishia kwenye barabara ya shamba ukitazama mabati ya ghala. Alama 4, moja ikikatwa kwa kalenda.

Bodiam, Sussex, ambayo hutokea kwenye kila orodha ya mtandaoni, haimo humu. Hiyo ni ngome, au angalau inajifanya ngome, na handaki lake ni ziwa.

Zamu ya zile za bure. Mwenye siku moja tu na asiye na gari aende Headstone Manor, Harrow, ndani ya London kubwa. Nyumba ya mbao ya mwaka 1310 hivi, mali ya maaskofu wakuu wa Canterbury hadi mfalme Henry VIII alipoichukua, na ghala kubwa la mwaka 1506 pembeni. Handaki lina maji pande zote nne, na bustani ya umma inakuruhusu kulizunguka kwa nje kwa dakika chache. Kiingilio hakuna. Tembea kutoka kituo cha Headstone Lane au Harrow & Wealdstone. Ukifika, acha makumbusho kwanza: zunguka nje ukitafuta upande wa chini, ulinganishe na kijito cha Yeading Brook kinachopita karibu. Kasoro ni miti na vichaka vya kingo, ambavyo wakati wa kiangazi huficha maji kabisa. Nenda majani yakiwa yamepukutika. Alama 4.5, na kwa kuwa hukutoa hata senti, hiyo nusu iliyobaki usiilalamikie.

Weeting Castle, karibu na Brandon kwenye mpaka wa Norfolk na Suffolk, licha ya jina lake, si ngome. Ni magofu ya nyumba ya kabaila ya karne ya 12 iliyojengwa kwa mawe ya gumegume, na handaki la mstatili la kina kifupi ambalo liliongezwa baadaye. Hilo ni somo zima: handaki linaweza kuwa changa kuliko nyumba, kama vile linavyoweza kuwa la kale kuliko nyumba, na kuona vyote viwili pamoja hakukupi tarehe ya kimojawapo. Kwenye kona utakuta chumba cha matofali cha kuhifadhia barafu, nyongeza ya karne ya 18. Hakuna choo, hakuna mkahawa, hakuna mlinzi. Alama 4.

Rotherhithe, kwenye ukingo wa Thames mashariki mwa London, pana misingi ya nyumba ya mfalme Edward III ya katikati ya karne ya 14. Ilikuwa na handaki pande tatu. Upande wa nne ulikuwa mto wenyewe. Leo ni shimo la nyasi kati ya majengo ya makazi, watu wanapita na mbwa wao, na ubao mmoja wa maelezo. Dakika 15 zinatosha. Alama 2.5.

Lakini hayo yote ni sehemu ndogo sana ya zile 6,000. Mengi yako mashambani bila nyumba, bila ubao, na hapo kinachopimwa si tiketi tena. Ni ramani.

Ramani ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ya mfululizo wa Explorer, kipimo 1:25,000, bado haijapata mpinzani. Sentimita 4 ni kilomita moja, kwa hiyo handaki la mita 60 linachorwa kwa milimita 2.4, na linaonekana kama kijisanduku cha buluu au mistari midogo ya mteremko. Pembeni yake huandikwa neno Moat kwa herufi za mtindo wa kale, zile za Kigothi, ambazo ramani hiyo hutumia kwa mambo ya kale yasiyo ya Kirumi. Vistari vya kijani ni njia za umma. Ramani ya kipimo 1:50,000 ina njia hizo kwa rangi nyingine na inaacha mahandaki mengi madogo. Kwa kazi hii usiinunue. Kuwa macho na majina: Moat Farm na Moat House mara nyingi yanasema kweli, ila neno motte, ambalo lina asili moja ya Kifaransa na moat, ni kilima cha ngome ya Wanormani, kitu tofauti kabisa.

Orodha ya kitaifa ya urithi, inayotunzwa na Historic England, ni ya bure mtandaoni na ina namba ya tarakimu 7 kwa kila mahali palipolindwa. Usiishie kwenye ramani yake. Fungua maelezo marefu. Mara nyingi utapewa vipimo vya kisiwa, upana wa kila mkono wa handaki, upande uliofukiwa na mfereji wa maji ulipo. Mahandaki yasiyo kwenye orodha hiyo ni mengi pia, na utayapata kwenye kumbukumbu za kaunti kupitia tovuti ya Heritage Gateway. Ramani za zamani kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, zikiwemo za Uingereza za karne ya 19, zinaonyesha mikono ya handaki iliyofukiwa baadaye kwa ajili ya matrekta. Weka ramani ya zamani na picha ya sasa bega kwa bega na kazi ya wiki inaisha kwa nusu saa.

Laida, yaani vipimo vya ardhi vilivyopigwa kwa leza kutoka angani, hutolewa bure na Environment Agency, shirika la serikali la mazingira, kwa ukubwa wa mita 1. Makosa mawili huwaangusha wanaoanza. La kwanza ni kupakua modeli ya uso, ambayo inaonyesha vilele vya miti. Unataka modeli ya ardhi tupu. La pili ni kutumia kivuli cha upande mmoja tu. Programu za ramani kama QGIS huweka mwanga utoke kaskazini-magharibi, na mikono ya handaki inayoelekea huko huko hupotea, ukadhani handaki lina pande mbili tu. Geuza mwanga mara nne, au tumia ramani ya mteremko.

Kulindwa kisheria hakumpi mgeni haki ya kuingia. Kama hakuna njia ya umma inayopita pale, omba ruhusa ya mwenye shamba. Na njia ikipita mita 30 pembeni, haki yako ni hizo mita 30 pembeni. Kifaa cha kutafutia metali usikibebe kabisa: sheria ya 1979 ya mambo ya kale inafanya kukitumia mahali palipoorodheshwa bila kibali kuwa kosa la jinai, na mwenye shamba kukukubalia hakukuokoi.

Wakati mzuri ni Desemba hadi mwanzo wa Machi, asubuhi au alasiri jua likiwa chini, siku ya umande ulioganda ikiwa bora kuliko zote kwa sababu barafu hubaki ndani ya mabonde baada ya kuyeyuka juu. Kuanzia Mei magugu yanayowasha hufika kifuani. Hayo nayo ni ushahidi kwa namna yake, maana hupenda udongo wenye fosfeti nyingi, na palipokaa watu na mifugo kwa karne nyingi fosfeti hubaki. Vaa gambuti, beba fimbo na ramani ya karatasi.

Ukifika, usikimbilie kisiwani. Zunguka nje kwanza. Tafuta pembe nne na uzipige hatua. Kwenye upande wa juu tafuta mfereji mwembamba wa kuingizia maji kutoka kijito au chemchemi. Ukikosa, huenda handaki lilijazwa na mvua na maji ya ardhini tu, jambo la kawaida kwenye miinuko ya mfinyanzi. Upande wa chini tafuta tuta nene zaidi ya mengine. Hilo ni bwawa la kuzuia maji, na pengo lake ndipo lango la kutolea maji lilipokaa. Kisha njia ya kuvukia. Ile ya asili, kama si daraja, ni ardhi isiyochimbwa kamwe, na kingo za handaki hugeuka kuizunguka kwa utulivu. Ile ya baadaye ni kifusi kilichomwagwa: kingo hukatika ghafla, na mara nyingi bomba la zege linachungulia chini yake. Mwisho kisiwa: upande ulioinuka ndipo nyumba ilipokaa. Mashimo ya mstatili nje ya handaki ni mabwawa ya samaki.

Usidanganyike na ukungu wa kijani juu ya maji. Mimea midogo inayoelea hufunika handaki zima likaonekana kama nyasi, na chini yake kuna maji ya nusu mita juu ya tope la mita moja linalomeza mguu na halirudishi. Mbwa wanalazimika kufungwa kamba, kwanza kwa sababu hiyo, pili kwa sababu mwani wa kiangazi kwenye maji yaliyotuama huua. Nawa mikono kabla ya kula. Ng'ombe wenye ndama kisiwani maana yake ni kurudi siku nyingine.

Vitu vinavyoigiza handaki ni vingi: mashimo ya mfinyanzi ya watengeneza matofali, madimbwi ya mapambo ya karne ya 18, mahandaki ya kuzuia vifaru ya Vita vya Pili vya Dunia. Ngome ndogo ya Kirumi ina pembe zilizoviringwa kama karata na mara nyingi malango zaidi ya moja. Shimo la mfinyanzi halina kisiwa chenye maana.

Neno moja kwa wanaomiliki mahandaki, kwa kuwa nao husoma tathmini za namna hii wakitafuta mfano wa kuiga. Lile tope baya la chini ndilo hazina. Bila hewa, huhifadhi ngozi za viatu, mbao, mbegu na chavua kwa karne saba. Katapila moja kwa siku moja linaitoa yote, na hapo ndipo maji yakimwagika hayazoleki. Tena ndoo yake ikipita kwenye safu ya mfinyanzi ya chini, handaki linaanza kuvuja na halijai tena, ingawa lilichimbuliwa ili lijae. Mahali palipoorodheshwa, kazi hiyo inahitaji kibali cha serikali kabla ya koleo la kwanza. Kama kuna salamanda mwenye kishungi majini, na kwenye mahandaki ya mfinyanzi hupatikana mara nyingi, leseni ya Natural England, shirika la serikali la viumbe na mazingira ya asili, huongezwa juu yake. Kuvuta maji ya mto zaidi ya mita 20 za ujazo kwa siku ili kujazia ni leseni ya tatu. Kukata miti michanga ya kingo kabla mizizi haijashuka, kuwazuia ng'ombe kwa uzio na kufungua lango la kutolea maji lililoziba ni kazi za mikono, na kwa kawaida ndizo zilizokuwa zinahitajika tangu mwanzo. Hata uzio, mahali palipoorodheshwa, ulizie Historic England kabla ya kuchimbia nguzo.